Wakili wa Mwankoko

Barua ya chuo kikuu ilinikuta nimeshika mpini wa mashine ya kukamua alizeti, mikono yote miwili imelowa mafuta, kwa hiyo aliyeifungua alikuwa kaka yangu. Aliichana pembeni polepole asije akakata kilichomo, akaikunjua, akaitazama, akaigeuza nyuma ambako hapakuwa na kitu, kisha akaninyooshea. Ilikuwa ya Kiingereza.

"Soma kwa sauti," alisema. "Watu wasikie."

Watu walikuwa kama sita, wamekaa juu ya magunia yao ya alizeti wakisubiri zamu. Kibanda chetu kilikuwa Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida, na siku hiyo upepo ulikuwa unapiga mabati hadi mtu ukisema lazima upaze sauti. Shemeji yangu, mke wa kaka, alisikia neno "chuo" akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Nilijipangusa kwenye suruali, nikasoma. Kila sentensi niliisoma kwa Kiingereza, kisha nikaitafsiri. Nilipofika kwenye jina la shahada nilisita, kwa sababu Kiswahili chake nilikijua na sikukipenda.

"Shahada ya Sanaa," nilisema.

"Sanaa?" Kaka alikunja uso. "Sanaa ya vinyago?"

"Au ya ngoma," alisema mzee mmoja kutoka kwenye gunia lake, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini niliona jinsi kaka alivyowatazama, mmoja mmoja, na jinsi mabega yake yalivyoshuka.

"Sanaa ni jina la nje tu," nilisema haraka. "Ndani yake kuna mambo mengi. Kuna sheria."

Mabega yakapanda. Kaka akamgeukia yule mzee. "Umesikia? Sheria."

Sikusema kwamba mimi nitasoma sheria. Nilisema kuna sheria. Tofauti hiyo niliishikilia kwa miezi mingi kama mtu anayeshikilia kipande cha kamba ambacho hakijafungwa popote.

Kaka ndiye aliyenilea. Baba simkumbuki, na mama alifariki nikiwa na miaka saba. Kaka alikuwa mpima mizani kwenye ghala la chama cha ushirika, kazi ya heshima, yenye koti la kaki na kalamu sikioni. Halafu nyakati zikageuka. Wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua mazao, malori yao yakawa yanafika hadi mashambani, chama kikaanza kukauka, na asubuhi moja wapima mizani wote waliambiwa waende nyumbani. Walipewa karatasi ya kutia saini. Kaka alitia saini bila kuelewa alichotia saini, na tangu siku hiyo alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila mara: "Tungekuwa na mtu wetu anayejua sheria, wasingetutoa vile." Aliisema akila, aliisema akikamua. Alikuwa ameisema mara nyingi mno mbele yangu, na mimi nilijua inaelekea wapi.

Lakini mimi nilikuwa nimeharibika zamani, na aliyeniharibu ni yeye mwenyewe. Alipokuwa ghalani alikuwa akileta nyumbani sabuni na chumvi zimefungwa kwenye magazeti ya zamani. Nilikuwa ninayanyoosha magazeti hayo juu ya goti na kutafuta ukurasa wa mashairi. Mara nyingine nilipata shairi zima, mara nyingine nusu, beti tatu zimekatwa katikati na doa la mafuta. Nusu hizo nilizimalizia mwenyewe. Nilihesabu mizani kwa vidole nikienda kuchota maji, nane na nane, na nikikosea nilirudi nyuma hatua moja kama vile njia nayo ilikuwa na hesabu. Nyumbani tulizungumza Kinyaturu. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha mjini. Kiswahili cha mashairi kilikuwa cha tatu, hakikuwa na watu waliokizungumza popote nilipopajua, na labda ndiyo maana nilikipenda.

Basi kwenye fomu za kuomba chuo chaguo la kwanza nilijaza fasihi, na la pili nikajaza fasihi tena pamoja na ualimu. Sheria sikuijaza kabisa.

Niliondoka na begi la mitumba ambalo shemeji alilishona upya zipu yake. Basi hadi Manyoni, kisha treni. Kaka alinisindikiza hadi Manyoni ingawa sikumwomba, na jukwaani alinishika mkono kwa muda mrefu. "Kasome," alisema. "Usiwe na haraka ya kurudi." Nilipanda nikakaa upande wa pili wa behewa ili nisimwone. Njia nzima sikuweza kutulia. Nilisimama, nikakaa, nikaenda mlangoni, nikarudi, hadi mama aliyekaa mkabala nami akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Chuoni nilidhani nitapona. Kulikuwa na maktaba yenye ghorofa, na kwenye rafu moja tu kulikuwa na mashairi mengi kuliko yote niliyowahi kuyanyoosha juu ya goti. Wiki mbili za kwanza sikusoma kitabu kimoja hadi mwisho. Nilifungua hiki, nikakiacha, nikachukua kingine, kama mtu mwenye njaa aliyewekewa sahani kumi. Wenzangu chumbani walizungumzia mambo mapya: mwanafunzi kuchangia gharama, nani atapata kazi na nani hatapata, sasa serikali imesema haiajiri kila mtu. Mmoja aliyekuwa anasoma biashara aliniuliza fasihi inauzwa wapi. Nilicheka, lakini swali lilibaki.

Katika wiki ya tatu, mwalimu wetu wa ushairi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliuliza darasani nani anaandika. Mikono michache ilinyooshwa. Wangu ulikuwa wa kwanza. Nilisimama na kughani shairi langu la mama, shairi nililoliandika nikiwa sekondari na kulirekebisha kwa miaka minne. Lilianza hivi:

Buraha ikanivaa, siku namzika mama.

Sikufika mstari wa pili. Kijana mmoja wa Tanga, aliyekaa dirishani, aliangua kicheko. "Huyu kafurahi mamake kufa!" alisema, na darasa zima likamfuata.

Mwalimu aliinua mkono wakanyamaza. Aliniuliza kwa upole, "Buraha maana yake nini?"

"Huzuni," nilisema.

"Ni raha," alisema. "Buraha ni raha, ni utulivu wa moyo. Ulilitoa wapi neno hili?"

Nililitoa kwenye gazeti lililofunga sabuni. Lilikuwa neno la mwisho kabla karatasi haijachanika, na kwa kuwa lilisikika kama kilio, niliamua kwamba ni kilio. Sikumweleza hayo. Nilisema sikumbuki.

"Kaa," alisema. "Wiki ijayo uniletee shairi hilihili, lisiwe na neno hata moja usilolijua."

Nilijaribu wiki nzima. Nilitoa buraha, nikatoa maneno mengine manane niliyokuwa ninayabahatisha, na kilichobaki hakikutosha ubeti. Niligundua kwamba sikuwa na neno la siku ile ya mazishi kwa Kiswahili, na kwa Kinyaturu sikuwa nimewahi kujaribu. Kabla siku ya kipindi haijafika, wanafunzi waligoma, na asubuhi moja tukatangaziwa kwamba chuo kimefungwa, kila mtu afungashe arudi kwao hadi atakapoitwa. Wengine walilia. Mimi nilihisi nafuu, na papo hapo nikaionea aibu nafuu hiyo. Kisha, treni ilipokuwa inapita Dodoma, nikakumbuka ninarudi kwa nani, na ile nafuu ikaisha.

Kaka alinipokea kama mtu aliyepewa likizo kwa ajili ya kazi nzuri. Hakuuliza sana habari za mgomo. Alikuwa na habari zake. "Watu wanakusubiri," alisema.

"Watu gani?"

"Wenye matatizo."

Alikuwa amewaambia wote. Mwankoko nzima ilijua kwamba mdogo wake anasomea sheria chuo kikuu. Siku ya kwanza nikiwa nimeshika mpini wa mashine, yule mzee wa siku ya barua alinyanyuka kwenye gunia lake, akaja kunisalimia. Nilimwahi kwa shikamoo, naye akaitikia marahaba, halafu akaongeza, "Wakili wetu." Kaka alikuwa anachota mashudu kwa koleo. Hakuinua uso, lakini nilimwona anatabasamu.

Mmoja alitaka kujua kama jirani anaruhusiwa kupitisha mbuzi uani kwake. Mwingine alikuwa na barua ya mtoto wake aliyefukuzwa shule. Niliwajibu maneno ya akili ya kawaida, nikiyatamka kwa uzito, na waliondoka wameridhika, na kila aliyeondoka ameridhika aliniongezea hofu. Sikuweza kukaa kitako. Asubuhi nilikamua hadi mabega yakafa ganzi, mchana nilitembea hadi ziwani nikarudi bila kufanya chochote, nikazunguka kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba, nikaingia ndani, nikatoka. Shemeji aliniambia, "Wewe umeacha kitu huko chuoni, ama kuna kitu kinakufuata. Kaa ule." Nilikaa. Nikala nikiwa nimeelekea mlangoni.

Ndipo alipokuja yule mama.

Alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa chini, umri wa mama yetu angekuwa hai. Alikuja adhuhuri, akavua ndala mlangoni, akakaa mkekani karibu na shemeji, na akazungumza Kinyaturu kitupu. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mdogo wa mume sasa anataka shamba la karibu na nyumba, lile la samadi, lililozungushiwa minyaa, kwa sababu alizeti imekuwa na soko na yeye ana nguvu za kulima. Baraza la kata lingekaa Alhamisi ya wiki inayofuata. Ameambiwa alete maelezo yake kwa maandishi, kwa Kiswahili.

"Mwanangu," alisema, "mimi sijui kuandika na Kiswahili changu ni cha kununulia chumvi. Wewe ndiye umesomea."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Shemeji alikuwepo, kaka alikuwa kibandani anasikika akipiga nyundo kitu. Ningeweza kumwambia kimyakimya. Badala yake nilisema, "Nitakuandikia, mama."

Niliandika siku mbili. Nilitumia kila nilichokuwa nacho. Niliweka "ilhali" na "kwa mujibu wa," niliweka "madhila" na "dhuluma iliyokithiri," na mahali pengine, Mungu anisamehe, sentensi zangu zilianza kuwa na vina. Nilipomaliza nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Manyoni. Nikaenda kwake kumsomea. Alikuwa anapepeta uwele uani. Nilisoma Kiswahili, kisha nikamtafsiria kwa Kinyaturu, yote, kuanzia juu hadi chini. Alisikiliza akiwa ameshika ungo bila kuutikisa.

Nilifika mwisho. Kisha akaniuliza, "Huyo mwanamke ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi sijasema hayo. Huyo analia sana." Aliweka ungo chini. "Mimi silii. Nimekasirika. Umeliandika hilo?"

Sikuwa nimeliandika.

"Basi kaa, nikwambie tena. Safari hii usiandike kichwani kabla sijamaliza."

Nilikaa chini kwenye vumbi, daftari gotini. Alinieleza kwamba aliolewa shamba likiwa changarawe. Ng'ombe walikuwa wa baba mkwe, zizi likiwa juu, shamba chini, na samadi aliibeba yeye kwa kikapu kichwani, kila mwaka baada ya mavuno, mimba ikiwepo au isiwepo. Alinitajia watoto wake kwa kuwahesabu kwenye vikapu: huyu nilikuwa naye tumboni tulipofikia ule mti, huyu tulipomaliza kona ya chini. Shemeji yake wakati huo alikuwa anafanya kazi ya reli Itigi, hakuwahi kubeba hata kikapu kimoja. Minyaa aliipanda yeye na mumewe. Alijua ni mche upi ulikufa na kupandwa tena. "Udongo ule," alisema, "nimeutengeneza. Haukuwepo."

Niliandika alivyosema. Palipokuwa na neno la Kinyaturu ambalo sikujua Kiswahili chake, nilimwuliza anionyeshe kitu chenyewe, naye aliniongoza hadi kwenye kitu, akakigusa kwa mguu. Kulikuwa na neno la tabaka jeusi la juu la udongo wenye samadi ya miaka mingi. Nilitafuta kichwani mwangu kote, kwenye magazeti yote ya sabuni, sikulipata. Nikaandika "udongo mweusi aliouzalisha." Maelezo yalikuwa ukurasa mmoja na robo. Nilipomsomea alitikisa kichwa kukubali, akachukua ungo wake. Hakunishukuru. Alikuwa na kazi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu na hofu iliyozidi furaha, maana Alhamisi ilikuwa inakuja na nilijua nitatakiwa kwenda.

Baraza lilikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watoto wakiwa likizo. Mwenyekiti alikuwa mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kaka alifunga mashine siku hiyo, akavaa koti lake la kaki la ghalani, akakaa benchi la mbele. Mjane alikaa kushoto, shemeji yake kulia, na watu waliobaki walijaa hadi madirishani, kwa sababu ilikuwa imesemwa kwamba wakili atakuwepo.

Niliyasoma maelezo. Nilipofika kwenye watoto na vikapu, mwanamke mmoja nyuma alisema "ee" taratibu, kama mtu anayeitikia kwenye maombi. Yule shemeji mtu aliinamisha kichwa. Nikamaliza, nikakunja karatasi, nikataka kukaa.

"Bado," alisema mwenyekiti. "Maelezo tumeyasikia, ni mazuri. Sasa wewe ni msomi wa sheria. Upande wa pili wanasema mila inawapa haki. Utuambie sheria ya nchi inasemaje, na kifungu gani. Tuandike hapa."

Alikuwa ameshika kalamu. Hakuwa ananitega, alikuwa anataka kujua kweli. Nilimtazama kaka. Alikuwa amenyoosha shingo, midomo imeachana kidogo, kama alivyokuwa akinisikiliza nilipokuwa ninajifunza kusoma. Ningeweza kubuni kifungu. Namba ilikuja mdomoni, naapa, namba kamili. Kisha nikamwona yule mama. Alikuwa ametulia kabisa, ananisubiri nimalize. Nikafikiri: nikiweka hapa neno nisilolijua, atakayelipia ni yeye.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema, "sijui."

"Hujafika hapo kwenye masomo?"

"Sisomi sheria. Ninasoma fasihi. Mashairi, hadithi. Sheria sijawahi kusoma hata siku moja."

Mtu mmoja dirishani akacheka, halafu wengi. Yule shemeji mtu aliinua kichwa. "Kumbe ni malenga!" alisema. Kaka hakugeuka. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akatoka kwa mlango wa mbele katikati ya watu wote, na watu walimpisha.

Mwenyekiti aligonga meza. Alisema maelezo ni ya mama huyu, si yangu, na kwamba samadi haibebwi na wakili. Akamgeukia yule bwana wa Itigi na kumwuliza swali moja: mche upi wa minyaa ulikufa? Hakujua. Baraza liliahirishwa ili wazee wakatembelee shamba. Mwishowe, baada ya wiki nyingi na vikao viwili, mjane aliachiwa sehemu yote ya juu ya shamba, na kipande cha chini kikaenda kwa shemeji yake. Hakufurahi. Alisema kona ya chini ilikuwa na mtoto wake wa tatu. Lakini alilima.

Nyumbani siku ile nilimkuta kaka amekwishavua koti, anakamua peke yake, mpini ukipanda na kushuka kwa kasi ambayo si nzuri kwa mashine. Hakusema nami siku hiyo, wala siku ya pili. Shemeji ndiye aliyekuwa akipitisha maneno ya kaka: "Mwambie shemeji yako mashudu yaanikwe." Nami nilikuwa nimesimama hapohapo. Yule bwana wa Itigi alihamishia alizeti yake kwenye mashine nyingine iliyofunguliwa upande wa barabara kuu, na watu wachache wa ukoo wake wakamfuata. Hilo nalo kaka hakulisema.

Siku ya tatu jioni aliniita nje. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, ananoa jembe.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Uliniogopa au ulinidharau?"

"Nilikuogopa, kaka."

"Kunidanganya kwa sababu mimi sijui Kiingereza, hiyo ni kuogopa?"

Alinoa kidogo. Kisha akasema, "Hizo fasihi. Soma moja."

Nilimsomea shairi la mama, lile ambalo halikuwa limekamilika, lenye mashimo palipokuwa na maneno niliyoyatoa. Nilimwambia na habari ya buraha, na kijana wa Tanga. Hakucheka. Alisikiliza akitazama chini, kisha akasema, "Unasema ulilia kaburini."

"Ndiyo."

"Hukulia. Hukuwepo kaburini. Uliachwa nyumbani na wanawake. Tuliporudi tulikukuta na fimbo, unafukuza kuku wasile unga wa msiba uliokuwa umeanikwa. Ulifukuza kuku hadi giza. Tukikwambia uache, hutaki. Mtu akikugusa unampiga na hiyo fimbo." Aliangalia jembe upande wa makali. "Ndivyo ilivyokuwa."

Sikukumbuka. Nilikaa pale nikijaribu kukumbuka, hata leo ninajaribu, na sijui kama kuku ninaowaona kichwani ni wa siku ile au ni wa maneno ya kaka.

Chuo kilifunguliwa tena miezi kadhaa baadaye, tangazo likasomwa redioni mchana tukiwa tunakula. Kaka alisema, "Umesikia," basi. Safari hii hakunisindikiza Manyoni. Alinipeleka hadi stendi ya mjini, akaweka begi langu juu ya basi mwenyewe, na konda alipomwuliza kijana anaenda wapi, kaka alijibu, "Anaenda kusoma maneno." Alilisema kavu, bila dharau na bila majivuno. Nililibeba hilo njia nzima nikiligeuza upande huu na huu.

Mwalimu nilimpelekea shairi la kuku. Halikuwa na vina. Mizani ilikuwa imepotea hapa na pale, na kulikuwa na neno moja la Kinyaturu ambalo nililieleza pembeni. Alilisoma mbele yangu ofisini, akanirudishia, akasema mistari minne ya mwisho ni ya uongo, nikaiandike upya. Alikuwa sahihi. Niliiandika upya mwaka mzima.

Nilimaliza, nikawa mwalimu, nikachapisha kidogo. Yule mama wa shamba aliendelea kuniita wakili kila nilipokwenda likizo, hadi alipofariki, na sikumkatalia tena, maana yeye alijua.

Miaka mingi baadaye mfanyabiashara mmoja alikuja Mwankoko na karatasi iliyoonyesha kwamba kiwanja cha kibanda chetu cha mashine ni chake. Karatasi ilikuwa na mihuri. Kaka hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa na miaka yake tu pale. Tulitafuta wakili mjini, wakili wa kweli, naye alichelewa, na tarehe zikapita, na kesi ikatuponyoka. Nilikuwepo siku kibanda kilipobomolewa. Tulibeba mashine sisi wawili, kila mmoja upande wake, tukaiweka uani chini ya mabati mawili. Nilimsubiri aiseme ile sentensi yake ya zamani, ya mtu wetu anayejua sheria. Nilistahili kuisikia. Alipangusa mikono, akaomba maji, akanywa, akaniuliza habari za watoto wangu. Hakuisema siku hiyo, wala siku nyingine yoyote, na mpaka sasa, nikiwa kwake, kila anapofungua mdomo huwa ninadhani ataisema.